Durban au Dubai, roshani au chumba cha ndani: fungate ya baharini kwa wanaoanza

Mdogo wangu na mkewe walikuja kwangu Kahawa Sukari Jumapili moja baada ya kanisa, na kabla chai haijamiminwa walishatandaza karatasi mbili mezani. Walikuwa wamezipata kwa wakala wa usafiri mjini. Ya kwanza ilikuwa ya meli inayotoka Durban: siku 5, kulala mara 4, chumba chenye roshani, sitaha (yaani ghorofa ya meli) ya juu kabisa, kwenye omo, mbele ya meli. Ya pili ilikuwa ya meli inayotoka Dubai: siku 8, kulala mara 7, chumba cha ndani kisicho na dirisha, sitaha ya chini, katikati ya meli. Ukiangalia tiketi ya meli peke yake, bei zilipishana kidogo sana.

"Dada, mimi nishachagua," mdogo wangu akasema. "Ya roshani. Hii ni fungate iliyochelewa miaka mitatu, siendi kulala stoo."

"Wifi, wewe umepanda hizi meli mara mbili," mkewe akaniambia. "Sema ukweli. Mimi naogopa kutapika."

Nitaandika hapa niliyowaambia, pamoja na machache niliyoyakumbuka baada yao kuondoka, maana swali lao najua ni la wengi. Sisi wa Nairobi meli tunaijua kwa feri ya Likoni. Zile kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa nyingi hupita tu na abiria wake, kwa hiyo anayetaka kusafiri nazo huanza kwa kupanda ndege.

Pasipoti kabla ya picha

Kila karatasi ya wakala ina picha ya bwawa la kuogelea. Geuza uangalie bandari, kwa sababu pasipoti ya Kenya haifungui milango yote kwa bei moja.

Durban hapa inashinda kirahisi. Tangu Januari 1, 2023, Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 katika mwaka. Utakachodaiwa ni cheti cha homa ya manjano, na chanjo yenyewe iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Kile kikaratasi cha manjano siku hizi hudumu maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa zamani, kitafute kabatini kabla hujalipia kingine.

Dubai ni safari ya ndege moja ya saa 5 hivi, hakuna kubadilisha, wakati Durban kwa kawaida utapitia Johannesburg. Ila Dubai inataka viza, na kuna mtego: meli ikitoka Dubai kwenda Doha kisha ikarudi Abu Dhabi, wewe umetoka nchini na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi ungali njiani. Mwambie wakala kwa maandishi kwamba unataka ya kuingia zaidi ya mara moja. Jambo hilo halikuandikwa popote kwenye ile karatasi ya pili.

Mdogo wangu akauliza kuhusu Ulaya, Barcelona na Naples, kwa sababu rafiki yake alienda. Nikamwambia aiweke kwa safari ya pili. Viza ya Schengen ni yuro 90 kwa kila mtu tangu Juni 2024, hiyo ni ada tu, na ukinyimwa hairudi. Bado kuna barua za benki, za mwajiri, na miadi ya alama za vidole. Singapore ingekuwa bora kuliko Ulaya kwa upande huo, kwani Mkenya haombi viza kule wala Malaysia, na zipo meli za siku chache zinazozunguka bandari hizo mbili. Lakini nauli ya ndege ya watu wawili hadi Singapore itameza fungate yote. Tukabaki na karatasi zetu mbili.

Bahari zenyewe si sawa

Hapa ndipo nilipomgeukia wifi. Yeye akipanda basi la Kisii, likianza kuteremka Mai Mahiu ameshaomba mfuko. Mtu wa namna hiyo haulizwi anataka bwawa ngapi.

Maji ya Ghuba kati ya Dubai na Doha ni ya kina kifupi, wastani wake mita 35 hivi, na yamezungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Upepo wa kaskazini magharibi huamka mara mojamoja, lakini kwa ujumla usiku mwingi utasahau kama uko melini. Miezi ya Desemba hadi Februari hali ya hewa ni ya kupendeza, jioni hata sweta inafaa.

Pwani ya Durban ni hadithi nyingine. Pale unapita mkondo wa Agulhas, maji ya moto yanayoshuka kusini kwa kasi kandokando ya nchi. Upepo wa kusini magharibi ukivuma kuupinga mkondo huo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na chombo huenda mrama kwelikweli, si kwa methali. Zaidi ya hapo, msimu wa meli za Durban, Novemba hadi Aprili hivi, ndio msimu wa vimbunga upande ule wa Bahari ya Hindi, na vikali zaidi huja Januari hadi Machi. Idai iliipiga Beira Machi 2019, na Freddy ikaja Februari na Machi 2023. Haina maana kwamba meli itaingia kimbungani. Nahodha huona mapema na kukwepa. Maana yake ni kwamba Pomene au Kisiwa cha Wareno kule Msumbiji, ambako abiria hushushwa kwa mashua ndogo, panaweza kufutwa asubuhi ileile, nawe ukabaki kuzunguka baharini ukitazama bwawa. Mikataba huruhusu meli kubadilisha njia, kwa hiyo usitarajie kurudishiwa nauli.

Mdogo wangu alikuwa amepanga Februari, karibu na sikukuu ya wapendanao. Nikapiga mstari kwenye neno Februari.

Ukubwa wa meli, na kile kipande cha mita 24

Watu hubishana kuhusu ukubwa kana kwamba meli kubwa ni bora moja kwa moja. Nitatoa mifano ya meli za kampuni moja, MSC, ambayo imekuwa ikifanya misimu ya Durban na ya Dubai.

MSC Opera ya 2004 ni ndogo kwa vipimo vya leo, yenye ujazo wa tani 65,000 na ushei. Mwaka 2015 iliingizwa karakana, ikakatwa katikati kama mkate na kuongezewa kipande cha mita 24 ndipo ikaunganishwa tena. MSC Musica ya 2006 ina tani 92,409 na abiria 2,550 wakilala wawiliwawili. MSC Euribia ya 2023 ina tani 184,011, zaidi ya vyumba 2,400, na ikijaa hadi vitanda vya watoto hubeba watu 6,327. Hizo tani, kwa njia, hazipimi uzito. Zinapima nafasi iliyomo ndani, na ndiyo maana zinakufaa: gawanya tani kwa abiria wa wawiliwawili upate nafasi ya kila mtu. Opera inakuja kama 30, Musica 36, Euribia 38. Kumbe ile kubwa haina msongamano zaidi kuliko ndogo. Foleni utaikuta kote, saa ya kifungua kinywa na saa ya kushuka bandarini.

Tofauti ambayo mtu anayeanza ataihisi ni mbili. Meli kubwa hutulia zaidi kwenye mawimbi madogo, na ina mambo mengi ya kufanya hata bandari ikifutwa. Meli ya wastani unaijua yote kwa siku moja. Siku ya pili mhudumu wa mgahawa anakumbuka kwamba unapenda chai ya maziwa yaliyochemshwa humohumo na ameshaenda kubembeleza jikoni. Kwa siku 5, mimi ningechukua ya wastani bila kufikiri mara mbili. Kwenye meli ya abiria elfu sita, siku mbili za kwanza utazimaliza ukitafuta lifti.

Umri wa meli usikutishe sana, ila uliza mwaka ilipofanyiwa ukarabati wa mwisho na utazame picha za bafu zilizopigwa na abiria. Bafu halidanganyi.

Chumba: aendaye tezi na omo

Wahenga wa pwani walisema aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni mwake, chini. Sijui walikuwa wakiwaza nini kuhusu fungate, lakini fundi wa meli atakuambia hivyohivyo. Mbele na nyuma ya chombo hupanda na kushuka. Katikati, chini karibu na maji, ndipo penye utulivu. Kama una shaka, kumbuka matatu. Anayekaa kiti cha nyuma kabisa hugonga kichwa kila tuta, na aliye katikati, baina ya magurudumu, anaendelea kusinzia. Sasa ichukue ile matatu uifanye ya mita 290, uiweke juu ya mawimbi, kisha umwambie wifi wangu akalale sitaha ya juu kabisa kwenye omo.

Mimi na mume wangu safari ya kwanza tulifanya kosa hilohilo upande wa pili. Sitaitaja meli, na kosa lilikuwa letu. Tulichukua roshani kule tezi, sitaha ya juu, kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Usiku wa pili bahari ilichafuka. Nguo zilizotundikwa kabatini zikawa zinagonga ubao, koh, koh, koh, kama mgeni anayebisha hodi na hataki kuondoka. Baba watoto aliinuka mara mbili kufungua mlango. Bahari ilipotulia, tukagundua jambo la pili: juu ya dari yetu kulikuwa na bwawa. Saa kumi na moja alfajiri wafanyakazi walianza kupanga viti vya jua, wakiviburuta kimoja kimoja. Roshani yenyewe, tuliyoilipia karibu mara moja na nusu ya chumba cha ndani, tuliikalia jumla ya saa tatu kwa safari nzima, na saa moja kati ya hizo jirani alikuwa akivuta sigara.

Basi vilinganishe hivi.

Chumba cha ndani ni kama mita za mraba 14, yaani bedsita ya Zimmerman iliyopangwa na mtu mwenye akili: kitanda, kabati, kioo, bafu la kugeukia. Giza lake ni giza totoro. Utaamka hujui kama ni usiku au saa nne asubuhi, na wengine huchanganyikiwa. Dawa ni televisheni, kwani meli nyingi zina chaneli ya kamera ya mbele. Iache ikiwaka bila sauti, itakupambazukia. Kwa wawili wanaokwenda chumbani kulala tu, ndicho bora kwa pesa. Kwa mwenye kichefuchefu kuna kasoro moja: hana upeo wa macho wa kutazama, na kuutazama upeo ndiyo tiba ya kwanza.

Chumba cha dirisha huwa hakipigiwi debe na mtu. Mara nyingi kipo sitaha za chini, mahali palepale penye utulivu, na mwanga unaingia, na bei iko karibu na cha ndani kuliko cha roshani. Angalia neno moja tu kwenye mkataba: mwonekano uliozibwa. Hapo dirisha lako linatazama mashua ya uokozi yenye rangi ya machungwa, na utalala ukiihesabu misumari.

Roshani ni tamu pale penye kitu cha kuona na hewa ya kukaa nje. Kwenye Ghuba wakati wa Desemba inafaa, hasa mkiwa na siku 8 za kuitumia. Lakini uhakikishe inatazama bahari. Tangu Oasis of the Seas ilipoanza kazi 2009, kuna meli kubwa zenye roshani zinazotazama ndani, kwenye bustani na maduka ya meli yenyewe. Ni nzuri, ila utawaona watu, maji hutayaona.

Vyumba vya kifahari nitaviruka. Mwenye pesa hizo hahitaji ushauri wangu.

Kuna pia bei ile ya chini kabisa ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia namba ya chumba. Ukiwa huugui baharini na unalala kama gogo, ichukue uokoe pesa. Wifi yangu asiiguse. Yeye alipie hiyo nyongeza ndogo achague namba mwenyewe, kisha afungue mchoro wa sitaha na kuuliza maswali mawili: juu ya chumba hiki kuna nini, na chini yake kuna nini? Jibu likiwa vyumba na vyumba, umepata usingizi. Likiwa bufe, bwawa, disko au ukumbi wa maonyesho, songa mbele. Na omo kabisa kuna nanga, ambayo hushushwa alfajiri kwa kelele za minyororo ambazo hakuna saa ya kengele iliyowahi kuzifikia.

Pesa isiyo kwenye tiketi

Hapa karatasi mbili zilizokuwa zimekaribiana zikaachana. Meli nyingi hukata ada ya huduma kila siku kwa kila kichwa, kati ya dola 10 na 20 hivi. Tuseme dola 15: kwa wawili, kulala mara 7, ni dola 210, na dola ikiwa shilingi 129 hiyo ni zaidi ya shilingi 27,000. Kwa kulala mara 4 ni dola 120, shilingi 15,500 hivi. Vinywaji, nje ya maji, chai na kahawa ya bufe, mara nyingi ni vya kulipia. Intaneti ni ya kulipia. Ziara za bandarini ni za kulipia, ingawa Doha mnaweza kushuka na kutembea wenyewe sokoni bila kununua ziara.

Simu iweke kwenye hali ya ndege mara mkitoka bandarini, maana mtandao wa meli katikati ya bahari unaweza kukuletea bili ya kukufanya uuze shamba. M-Pesa haifiki kule. Malipo yote hukusanywa kwenye kadi ya chumba, na kadi ya benki huzuiliwa kiasi fulani tangu siku ya kwanza. Ukitumia kadi ya akiba (debit), pesa hizo zinaweza kukaa zimefungwa siku kadhaa baada ya kurudi. Acha nauli ya kutoka uwanja wa ndege wa JKIA mfukoni.

Nao usiku mmoja wa hoteli kabla ya meli kuondoka si anasa. Ndege ikichelewa Johannesburg, meli haisubiri. Mdogo wangu alikuwa amepanga kutua Durban saa nne asubuhi na kupanda meli saa saba mchana. Nikamwambia hizo ni hesabu za mtu anayekwenda Nakuru.

Tulivyoamua

Kwa mtu asiyeugua, mwenye likizo ya siku kumi, anayependa maghorofa na maduka, ningesema Dubai, roshani, Desemba, na viza mapema. Hiyo ni safari nzuri na bahari yake ni ya huruma. Lakini wifi ni mwalimu wa shule ya msingi, mdogo wangu ana siku sita tu za likizo zilizobaki, na pesa za viza mbili, ada za siku tatu zaidi na tofauti ya nauli zilikuwa zinakaribia bei ya tiketi ya tatu.

Nikawaambia: Durban, lakini si hii karatasi. Mwezi uwe Novemba, shule zikishafungwa na kabla ya vimbunga kukolea na bei za Krismasi kupanda. Roshani ya omo irudishwe. Badala yake chumba cha dirisha, sitaha ya chini, katikati, kisichozibwa. Pesa itakayobaki ilipie hoteli ya usiku mmoja Durban, bima ya safari, na vidonge vya kichefuchefu, ambavyo humezwa kabla ya meli kuanza kuyumba. Ukisubiri uumwe, umechelewa. Mkipata alama saba fupi za honi na moja ndefu siku ya kwanza, hayo ni mazoezi ya dharura. Nendeni kituoni kwenu, msijifiche chumbani kama tulivyotaka kufanya sisi.

Mdogo wangu hakufurahi. Alikuwa ameshajipiga picha kichwani akiwa kwenye roshani na kikombe cha kahawa.

"Dada, sitaha za juu zina viti bure?"

"Vimejaa. Na bahari ni ileile."

Wifi alikuwa hatusikilizi tena. Alikuwa amefungua mchoro wa sitaha kwenye simu, ameukuza kwa vidole viwili hadi vyumba vikawa vikubwa kama vibiriti, na kidole chake kimesimama karibu na ngazi za katikati.

"Juu ya hiki kuna nini?" akamuuliza mumewe.

Akatelezesha sitaha moja juu. "Vyumba."

"Na chini?"

"Vyumba."

Akavuta ile karatasi ya Durban, akaigeuza upande usioandikwa, na kuandika namba ya chumba kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari.